Barua ya wazi kwa wakubwa wa taasisi za Kalemie: Neno la siri la bakapu ni mali ya nani?

Kalemie, Jimbo la Tanganyika

Kwa waheshimiwa:
Madaktari wakurugenzi wa mahospitali na vituo vya afya,
Wasimamizi wa koperative za akiba na mikopo,
Wakuu wa vyuo na shule,
Wawakilishi wa mashirika ya misaada yenye ofisi mjini kwetu,
Wakuu wa divisheni za serikali ya jimbo.

Kuhusu: maneno ya siri ya hifadhidata yanayotumiwa na bakapu za usiku

Baba zetu na mama zetu,

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa mjini. Kazi yangu ni kufunga seva, kuunganisha mitandao ya ofisi, na kupigiwa simu kuranti inapokatika. Naandika hadharani kwa sababu ofisini nimeshasema, kwa mdomo na kwa ripoti, na jibu limekuwa lile lile: "Hayo ni mambo yenu mafundi, mtayapanga wenyewe." Nakataa. Haya ni mambo yenu ninyi wakubwa, na hayapangiki kwa sababu mmeyaacha mikononi mwa mtu asiye na mamlaka ya kuyapanga.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, ili asiyekuwa mtu wa kompyuta asiachwe njiani. Majina ya wagonjwa wenu, akiba za wanachama wenu, alama za wanafunzi wenu na orodha za watu waliokimbia vijiji vyao vimo ndani ya hifadhidata. Ofisi nyingi hutumia MySQL au ndugu yake MariaDB. Nyingine hutumia PostgreSQL, na DHIS2, ile programu inayobeba takwimu za afya za nchi yetu, imejengwa juu yake. Kila usiku, watu wakiwa wamelala, seva inatakiwa itoe nakala ya data yote na kuiweka pembeni. Hiyo ndiyo bakapu. Lakini hifadhidata haimfungulii yeyote asiyejitambulisha: inadai jina na neno la siri. Saa nane za usiku hakuna mtu wa kuliandika neno hilo, kwa hiyo limehifadhiwa mahali fulani ndani ya mashine yenyewe. Malalamiko yangu yanahusu mahali hapo, uwezo wa neno hilo, na watu wanaolijua.

MALALAMIKO

1. Neno la siri limeandikwa peupe.

Mwambieni fundi wenu afungue skripti ya bakapu, yaani faili la amri zake, mbele yenu. Kuna uwezekano mkubwa mtakuta mstari wa namna hii:

mysqldump -u root -pKalemie2019 hospitali | gzip > /bakapu/hospitali.sql.gz

Jina la hifadhidata na neno la siri nimeyabuni, lakini umbo ni hilo hilo ninalokutana nalo kila mara. Maneno yanayofuata "-p" ndiyo siri yenyewe, imekaa hapo kama jina la barabara. Kila anayeweza kusoma faili hilo anaisoma, na mara nyingi faili limeachwa wazi kwa kila mwenye akaunti katika mashine. Amri inapofanya kazi, anayeorodhesha shughuli za mashine anaweza kuliona neno kwa muda mfupi kabla programu haijalifunika. Fundi aliyeijaribu amri kwa mkono ameliacha neno katika historia ya amri zake. Aliyenakili skripti na kuipeleka seva nyingine amelisafirisha bila kujua.

MySQL yenyewe haipendekezi jambo hili. Tangu toleo la 5.6 la mwaka 2013, inatoa onyo kila mara mtu anapoandika neno la siri ndani ya amri. Nimeona skripti ambamo mtu ameongeza maneno ya kulinyamazisha onyo hilo, sababu yake akaiacha pale pale.

2. Neno lenyewe ni la mwenye mamlaka yote.

Rudini kwenye mstari ule. Jina "root" ni la mtumiaji anayeweza kila kitu: kusoma, kubadilisha, kufuta, kuumba watumiaji wengine na kuwapa uwezo. Bakapu haihitaji hayo. Inahitaji kusoma majedwali, kuyafunga kwa muda mfupi yasibadilike wakati wa kunakili, na vijiruhusa vingine vichache vya kutazama muundo. Basi. Kazi ya kusoma tu imepewa uwezo wa kubomoa nyumba nzima, kwa sababu siku ya kufunga mfumo kila mtu alikuwa na haraka na "root" ilikuwa imeshafunguliwa.

3. Neno halibadiliki mtu anapoondoka.

Mji wetu unajua habari za wageni wanaokuja na kuondoka. Tangu machafuko ya Watwa na Waluba ya mwaka 2016 na 2017, miradi imefuatana hapa, mmoja ukifungwa mwingine unafunguliwa. Hata MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ilifunga ofisi yake ya Kalemie katikati ya 2022. Kila mradi huja na mfumo wake, fundi wake, mafunzo ya siku chache na sherehe ya makabidhiano yenye picha. Hukabidhiwa kompyuta, meza, pikipiki na jenereta, kila kimoja na namba yake. Maneno ya siri hayamo katika orodha hiyo. Aliyefunga mfumo yuko Lubumbashi, Goma au Kinshasa, anafanya kazi kwa mwingine, na bado anaijua siri ya hifadhidata yenu. Simtuhumu wizi. Ninasema kwamba heshima yake ndiyo kufuli pekee mliyobakiwa nayo.

4. Bakapu yenyewe haina kufuli.

Wengi hulinda hifadhidata na kusahau nakala yake. Faili linalotolewa na mysqldump au pg_dump la kawaida ni maandishi matupu. Mtu hahitaji MySQL ili kulisoma. Analifungua kwa programu yoyote ya maandishi, anatafuta jina, na mstari unatokea: jina la mama, umri, mtaa, tarehe, kipimo, jibu la kipimo. Faili hili hutembea mjini ndani ya kle ya USB, mfukoni, pamoja na funguo za pikipiki.

Waheshimiwa wa afya, kumbukeni kwamba tangu tarehe 14 Julai 2008 nchi yetu ina sheria namba 08/011 inayolinda haki za watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na usiri wa hali zao ni kiini cha ulinzi huo. Waheshimiwa wa mashirika, fikirini orodha ya wanawake waliobakwa waliokuja kutibiwa, au orodha ya familia zilizokimbia, kijiji kwa kijiji, katika jimbo ambamo watu waliwahi kuwindwa kwa sababu ya kabila lao. Kle moja iliyodondoka sokoni inatosha.

5. Wachache waliofunga wamempa mtu mmoja ufunguo.

Zipo taasisi zilizojitahidi. Zinatumia programu kama restic, ambayo haikubali kuhifadhi chochote bila kukifunga. Nazipongeza. Lakini watengenezaji wa restic wanasema wazi: neno la siri likipotea, data haipatikani tena, na hakuna mlango wa nyuma. Sasa neno hilo lipo kichwani mwa fundi mmoja, au kwenye simu yake. Akiugua, akihama, akigombana nanyi kwa ajili ya mishahara isiyolipwa, au Mungu akimchukua, mtabaki na diski nzima, isiyo na kasoro, ambayo hakuna binadamu anayeweza kuisoma.

6. Hakuna anayejaribu kurudisha.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana linatokea polepole na kimya. Chukueni ule mstari wa juu. Siku moja mtu mwenye nia njema anabadilisha neno la siri la hifadhidata, kama anavyopaswa. Anasahau kulibadilisha ndani ya skripti. Usiku, mysqldump inakataliwa na haitoi kitu. Lakini gzip, iliyo upande wa pili wa mstari, haijui hilo: inapokea utupu, inaubana, na kutengeneza faili. Faili lina jina sahihi, tarehe sahihi, na uzito wa baiti 20. Kesho usiku tena. Keshokutwa tena. Skripti nyingi zina mstari wa pili unaofuta nakala zenye umri wa zaidi ya siku saba ili diski isijae. Baada ya juma moja nakala nzuri zote zimefutwa, na folda imejaa maganda yenye tarehe za kupendeza. Mkurugenzi akiuliza, "Bakapu zipo?", fundi anatazama folda na kujibu, "Zipo, mukubwa." Wala hajadanganya kwa makusudi.

Ongezeni juu ya hapo kuranti yetu. Laini ya umeme ya Bendera ikizimika katikati ya kazi, nakala inabaki nusu. Ikizimika kabla ya saa nane na kurudi alfajiri, kazi ya usiku inarukwa kabisa, na cron ya kawaida, programu inayoanzisha kazi za ratiba, hairudii iliyopitwa.

YALIYOWAPATA WENGINE

Msiseme ni hofu za fundi. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, yenye wahandisi ambao mji wetu hauwezi kuwaajiri, ilifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yake kuu. Walipokimbilia bakapu walikuta hazipo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, ikashindwa kila mara, na barua pepe za kuarifu zilikuwa zikikataliwa kabla hazijamfikia mtu. Waliokolewa na nakala moja ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa kazi nyingine saa sita kabla. Data ya hifadhidata ya saa hizo sita ilipotea.

Mwezi Juni 2014, kampuni ya Code Spaces ilivamiwa na mtu aliyepata ufunguo wa akaunti yake ya Amazon. Data ilikuwa humo, na bakapu zilikuwa humo humo, chini ya ufunguo ule ule. Sehemu kubwa ya vyote ilifutwa, na kampuni ikafunga milango. Mwaka 2016 wavamizi wa Uber walikuta maneno ya siri yameachwa ndani ya programu zilizohifadhiwa mtandaoni, wakayatumia kuchukua habari za watu milioni 57.

Na kwa walio karibu nasi: tarehe 22 Juni 2024, Huduma ya Taifa ya Maabara za Afya ya Afrika Kusini, yenye maabara zaidi ya 260, ilivamiwa, na wavamizi wakafuta sehemu za mifumo yake, pamoja na seva ya bakapu. Maabara ziliendelea kupima damu, lakini majibu hayakuweza kufika kwa madaktari kwa njia ya kawaida. Yale ya dharura yalisomwa kwa simu. Ile ni nchi yenye uwezo. Hapa kwetu nani atampigia nani?

NAJUA MTAKAYOSEMA

Mtasema: nani wa kutuibia sisi wa Kalemie? Kikulacho ki nguoni mwako. Mvamizi wa mbali namwogopa, lakini namwogopa zaidi mwenye deni katika koperative ambaye amejua neno la "root". Anaingia, anapunguza deni lake, kisha anafuta bakapu zinazoonyesha deni la zamani, pale neno lile lile linapofungua mashine yenyewe pia. Hakuna mlango uliovunjwa. Siku ya hesabu, mhasibu ndiye atakayeitwa mwizi.

Mtasema: hatuna pesa. Karibu yote nitakayoomba hayanunuliwi. MySQL, MariaDB, PostgreSQL, GPG na restic ni programu huru. Kinachohitajika ni siku chache za fundi, bahasha, na sahihi yenu.

Mtasema, na hoja hii ndiyo yenye uzito: "Wewe fundi, umesema mwenyewe mashine lazima ijifungulie usiku. Basi siri itakuwa ndani yake daima. Unatutaka tuifiche wapi?" Swali ni la haki, na jibu langu ni la kweli: hakuna maficho kamili. Hata MySQL ina chombo cha kuhifadhi neno la siri katika faili lisilosomeka kwa macho, lakini kinalivuruga tu. Aliyelipata faili anaweza kulirudisha neno. Siri ambayo mashine inaisoma bila mtu, mtu aliyeiteka mashine ataisoma pia. Kwa hiyo swali la mkubwa lisiishie kwenye "tumeificha wapi?" Aulize: "Siri hiyo ikionekana siku moja, itafungua nini?" Leo jibu ni: kila kitu. Naomba jibu liwe: kidogo sana.

NINAYOOMBA

1. Mtumiaji wa bakapu awe peke yake. Aumbwe katika hifadhidata mtumiaji ambaye kazi yake ni kunakili tu, asiyeweza kuandika wala kufuta rekodi, na asiyeweza kuingia kutoka nje ya mashine ile. Katika PostgreSQL, tangu toleo la 14 la mwaka 2021, kuna wadhifa uliotengenezwa tayari wa kusoma data yote bila kuigusa: pg_read_all_data. "root" iondolewe katika kila skripti ya mji huu.

2. Neno la siri litoke ndani ya amri. Liwekwe katika faili la pembeni, .my.cnf kwa MySQL na .pgpass kwa PostgreSQL, lenye ruhusa 600, yaani mwenye faili peke yake analisoma. PostgreSQL ni kali hapa: ikikuta .pgpass limeachwa wazi zaidi ya hapo, hailitumii kabisa. Pale bakapu inapofanyika ndani ya mashine ile ile, kuna njia bora zaidi: hifadhidata imtambue mtumiaji kwa akaunti yake ya mashine, bila neno lolote la siri. PostgreSQL inayo njia hiyo, na MariaDB imeifanya ya kawaida kwa "root" yake tangu toleo la 10.4 la mwaka 2019. Siri isiyokuwapo haiibiwi.

3. Bakapu ifungwe kwa funguo mbili. Kwa GPG, programu ya kufunga faili kwa siri, seva hupewa ufunguo wa kufungia peke yake, na ule wa kufungulia hukaa mbali nayo. Ni sawa na sanduku la sadaka kanisani: kila muumini anatumbukiza, lakini anayefungua ni mwenye ufunguo. Aliyeiteka seva yenu leo ataona data ya leo, lakini nakala za miezi iliyopita hataweza kuzisoma.

4. Ufunguo wa kufungulia uwe wa taasisi. Uwekwe katika bahasha mbili zilizotiwa lakiri na kusainiwa, katika sefu mbili zilizo majengo tofauti, mikononi mwa watu wawili wasio mafundi: mkurugenzi na mhasibu mkuu, rekta na katibu mkuu, mwenyekiti wa koperative na mweka hazina. Kila bahasha inapofunguliwa iandikwe katika daftari: nani, lini, kwa nini.

5. Nakala moja ikae nje ya mji, na seva ya hapa isiweze kuifuta. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika nyumba na maduka, kuanzia Bujumbura na Uvira hadi hapa kwetu. Seva iliyo chini na diski ya bakapu iliyo juu ya meza ile ile vitalowa siku moja. Mashine ya pili, iwe Lubumbashi au kwingineko, ije yenyewe kuchukua nakala. Neno la siri lililo hapa lisifungue chochote kule.

6. Maneno ya siri yaingie katika orodha ya makabidhiano. Fundi akiondoka, mradi ukifungwa, mkandarasi akimaliza: siku hiyo hiyo maneno yote aliyoyajua yabadilishwe, na bakapu ya usiku huo ikaguliwe asubuhi. Wawakilishi wa mashirika, andikeni sharti hili katika mikataba yenu kabla ya kutuachia mfumo mwingine.

7. Kila miezi mitatu, nakala irudishwe kweli. Fundi achukue bakapu ya usiku uliopita, aifungue kwenye kompyuta nyingine kwa ufunguo uliotoka kwenye bahasha, ahesabu rekodi, kisha mkubwa mwenyewe atafute jina moja analolijua. Ripoti ya ukurasa mmoja isainiwe. Skripti itengenezwe ili isimame na kupiga kelele inaposhindwa, isifute nakala ya zamani kabla mpya haijathibitishwa, na iendeshwe kwa ratiba inayorudia kazi iliyopitwa kuranti ilipokuwa imezimika.

8. Divisheni za jimbo zilifanye jambo hili kuwa swali la ukaguzi. Nchi yetu ina Kanuni ya Dijitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023 kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010, nayo inamtaka mwenye kushika data za watu azilinde. Katiba, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Hatuhitaji kusubiri Kinshasa itume mtu. Mkaguzi wa afya anayekuja kuhesabu vitanda na dawa aongeze swali moja: "Nionyesheni ripoti ya mwisho ya kurudisha bakapu."

Baba zetu na mama zetu, naandika kwa ukali kwa sababu watakaoumia hawamo katika anwani ya barua hii. Ni mama wa Kalemie aliyepimwa na kuahidiwa siri. Ni mvuvi aliyeweka faranga zake kidogo kidogo na hana risiti nyingine isipokuwa mstari mmoja ndani ya hifadhidata yenu. Ni kijana aliyemaliza chuo na anategemea alama zake ziwepo siku atakapoomba cheti. Hawa hawajui neno "bakapu" wala hawana haja ya kulijua. Waliwaamini ninyi. Hawakumwamini fundi.

Ombi langu la mwisho halingoji bajeti wala kikao. Kesho asubuhi mwiteni fundi wenu, mkae naye, mmuulize maswali matatu: Neno la siri la bakapu zetu limeandikwa wapi, na linafungua nini? Ukiondoka leo, nani mwingine anaweza kuzifungua? Na mara ya mwisho tulirudisha nakala lini? Akishindwa kujibu, msimfokee. Hamjawahi kumuuliza. Kuanzia kesho, jibu litakuwa juu yenu.

Wenu mtiifu,
Fundi wa kompyuta, Kalemie